Kunywa, Kufyonza, Kuvuta

Mpwa wangu aliniletea sentensi moja. Ilikuwa Jumapili mchana, tumeketi nyuma ya hoteli pale sokoni Khayega, magari ya Kisumu na ya Kakamega yakipishana kwa honi barabarani. "Khotsa," akasema, "hebu nisomee hii kabla sijaipeleka." Khotsa ni mjomba kwa Kiluhya, na mjomba aliyefundisha Kiswahili hadi mvi zikamtoka hana njia ya kukwepa kazi kama hiyo. Kijana anasomea mambo ya maji. Alikuwa anajiandaa kwenda kaskazini kuzungumza na wafugaji, na kichwa cha karatasi yake kilisema: Ukadiriaji wa matumizi ya maji ya ardhini na mimea katika maeneo kame.

Nikasoma. Nikaagiza chai ya pili. Nikasoma tena.

Kila neno humo lina cheti chake cha kamusi. Hata hivyo sentensi ilikuwa maiti, tena maiti yenye nyuso mbili. Matumizi ya maji ya ardhini na mimea: mimea ndiyo inayotumia maji, au kuna mtu anayetumia maji na mimea kwa pamoja? Mzee wa huko akisomewa hayo barazani ataelewa kwamba wageni wamekuja kuhesabu maji yake na malisho yake, na baraza litakuwa limevunjika kabla ya ukurasa wa pili.

Tuanze na hiyo "na", maana ndiyo ndogo kuliko zote na ndiyo yenye hila. Huunganisha, na pia humtaja mtendaji. Ikifuata kitenzi cha kutendwa haimdanganyi mtu: ng'ombe ameibwa na jirani. Ikifuata nomino mambo huharibika: wizi wa ng'ombe na jirani. Nani ameibwa hapo? Waandishi wa taarifa za ofisini wanapenda nomino kwa sababu nomino huvaa suti, lakini Kiswahili hakikuumbwa kitembee juu ya nomino. Nikamwambia mpwa wangu arudishe kitenzi mahali pake: maji ambayo mimea... Hapo nikanyamaza. Ambayo mimea inayafanya nini? Tulikaa na swali hilo mpaka chai ikaota utando.

Yeye alitaka "inayatumia". Neno hilo lina ukoo mzuri kuliko linavyoonekana. Tumia ni mtoto wa tuma. Aliyesema kwa mara ya kwanza kwamba anatumia jembe alikuwa analituma jembe kazi. Mti nao hutuma maji: kutoka mizizini hadi majanini, na kutoka majanini hadi hewani. Kwa chimbuko, basi, neno linafaa. Lakini leo "matumizi" yananuka sokoni. Mke humwomba mume pesa za matumizi, Bunge hujadili makadirio ya matumizi. Ni neno la mtu mwenye mfuko na mpango, na mti hauna mfuko.

Umma umekwisha kuchagua kitenzi chake, nacho ni kunywa. Kitu kinachotuhusu hapa Khayega ni ule mti mrefu wa Australia uliojaa mabondeni kwetu. Kamusi inauita mkaratusi; hapa sokoni hakuna anayeuita hivyo, ni bulugamu. Wakamba waliangalia mbao zake wakauita musanduku. Wakikuyu wana mubau, nao ni kwa ajili ya mbao, ila pia wana munyua maai, yaani mnywa maji. Watu wa Iringa na Njombe huuita mlingoti, jina la mti wa jahazi kupewa mti wa milimani, mamia ya kilomita kutoka baharini. Kila ninapolisikia huona matanga juu ya mashamba ya chai. Angalia majina hayo: mawili yanatazama mbao, moja linatazama urefu, moja linatazama kiu. Mwaka 2009, waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, alipoagiza bulugamu zing'olewe kando ya mito na vyanzo vya maji, hilo la kiu ndilo lililoshinda. Tangu hapo ukitaja mti huo kwenye mkutano wowote lazima mtu aseme: unakunywa maji sana.

Sipingi kwamba chemchemi hupungua. Nina moja bondeni kwangu iliyokuwa ikijaza mtungi wa lita 20 kabla hujamaliza kumsalimia jirani, na sasa, mwezi wa Januari, salamu zinakwisha, habari za watoto zinakwisha, mtungi haujafika nusu. Ninapinga kitenzi. Anywaye hubaki na alichokunywa. Ng'ombe akinywa, tumbo hujaa. Lakini katika kila lita 100 zinazopanda ndani ya shina, zaidi ya 95 hutoka kupitia majani zikiwa mvuke, na kinachobaki kujenga mti ni kidogo sana. Mti ni njia. Tukisema unakunywa, mkulima ataupasua akitafuta maji ndani, na asipoyaona atadhani wataalamu ni waongo.

Kunyonya je? Kina picha ya mtoto na mama, na ardhi ni mama katika lugha nyingi za kwetu. Lakini tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno hili lilivalishwa sare. Mnyonyaji ni kupe, ni bepari, ni adui wa wavuja jasho. Ukimwambia mtu wa kizazi changu kwamba mkuyu unanyonya maji, anauhukumu kabla hajaupima. Kufyonza ni kitenzi safi zaidi na vitabu vya shule vinakipenda. Tatizo lake ni mdomo: nzi hufyonza, mbu hufyonza; ni tendo la mdomo mdogo unaong'ang'ania. Kusharabu kimetoka kwenye Kiarabu cha kunywa, ndugu yake sharubati, na kwa Kiswahili kimekuja kumaanisha kunywea kimyakimya, kama karatasi inavyosharabu wino au gunia linavyosharabu mafuta. Kinafaa kwa udongo. Kwa mti hakifai, maana mti si gunia.

Nikapendekeza kuteka, kwa mzaha. Wanawake wa hapa hwenda kuteka maji, na mti nao huteka. Mpwa wangu akanitazama. Siku hizi, katika nchi hii, ukiandika "utekaji" hakuna atakayefikiria mtungi. Neno limetekwa, nalo lina haki ya kupumzika.

Ndipo akapita mzee mmoja na mrija wake kwapani.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu: wazee wa Kiluhya, wakinywa busaa, hukaa kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, oluseke, uliotoboka ndani mwote. Mrija wa mzee ni wake, haukopeshwi. Chungu kiko katikati, chini, na wazee wameegemea viti vyao mbali nacho. Hakuna anayeinama, hakuna anayeinua kikombe. Pombe inapanda yenyewe kwa sababu kuna anayevuta upande wa juu. Huo ndio mti. Mwaka 1894 wanasayansi wawili wa Dublin, Henry Dixon na John Joly, walieleza kwamba maji hayasukumwi kutoka mizizini; huvutwa kutoka juu, jani linapopoteza mvuke na kuuvuta uzi wa maji ulioshikana toka jani hadi mzizi. Wazee wa kwetu Isukha hawakuhitaji kuandika karatasi.

Basi kitenzi ni kuvuta. Ndiyo, tunavuta sigara, na "uvutaji" peke yake umekwisha kuchukuliwa na matangazo ya afya. Na "mvuto" umegawanywa kati ya fizikia na wasichana warembo. Lakini mvuta kiko ni picha ya mti iliyo kamili kuliko nilivyotarajia: kitu huvutwa, kikapita, kikatoka hewani. Maji yanayovutwa na mimea. Soma kwa sauti. "Na" haina tena pa kujificha, kwa kuwa mbele yake kuna kitenzi cha kutendwa.

Chungu kilitupatia na zawadi nyingine. Utajuaje wazee wamekunywa kiasi gani, ikiwa hakuna kikombe? Utatazama uso wa pombe chunguni. Unashuka wakivuta, unapanda mama mwenye nyumba anapoongeza maji moto. Huko Utah, Marekani, mtaalamu aliyeitwa W. N. White alitazama visima katika bonde kavu akaona jambo hilohilo: mchana, jua likiwa kali, maji ya kisima hushuka, usiku mimea inapopumzika, hupanda tena. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1932 na bado inatumika. Unachukua kasi ya kupanda usiku wa manane, wakati hakuna anayevuta, unaizidisha kwa saa 24 upate maji yanayoingia kwa siku nzima. Kisha unaangalia uso umeshuka au umepanda kiasi gani tangu jana saa kama hiyo. Uliposhuka unaongeza, ulipopanda unapunguza, na hesabu yote unaizidisha kwa ile sehemu ya ardhi ambayo kweli hutoa maji.

Nimesema "uso". Niliwahi kusoma kijitabu kilichoita kitu hicho "meza ya maji", nikatafuta viti. Sina haja ya kueleza meza hiyo ilibebwa kutoka lugha gani. Bahari yetu ina usawa, ziwa lina uso, na maji ya kisimani yana uso vilevile. Mtu huinama akauona wake juu yake. Uso wa maji ya chini: umeshuka, umepanda, umekunjamana pale kisima kinapovutwa na pampu. Neno linafanya kazi lenyewe.

Na hiyo sehemu ya ardhi inayotoa maji? Mchanga uliolowa ukiuachia, maji hudondoka. Udongo wa mfinyanzi una maji mengi kuliko mchanga lakini ni bahili, unayakumbatia. Sijapata neno lililokaa vizuri kwa tofauti hiyo, kwa hiyo nalitoa langu: kiachio. Mchanga una kiachio kikubwa, mfinyanzi una kiachio kidogo. Mpwa wangu alicheka, lakini niliona ameliandika.

Sasa "ardhini". Ardhi ni Kiarabu na imekaa nasi vizuri, haina hatia. Ila tazama neno chini. Ndani yake mna nchi, ile nchi ya kale iliyomaanisha udongo unaokanyagwa kabla haijamaanisha Kenya na Uganda, pamoja na -ni ya mahali. Kiluhya kimehifadhi ndugu yake: tunasema ikhala hasi, keti chini. Kwa hiyo "maji ya chini" tayari ni maji ya ardhini, na anayesema "maji yaliyo chini ya ardhi" amesema ardhi mara mbili. Sitamfunga mtu kwa hilo. Nasema tu kwamba neno fupi lilikuwepo mlangoni.

Wizara na mamlaka zetu huandika "rasilimali za maji", na watu wengi hudhani rasilimali ni Kiswahili cha "vitu vya asili". Chimbuko lake la Kiarabu ni kichwa cha mali: mtaji, ile fedha ambayo mfanyabiashara haigusi. Kwa nchi ya mvua kama Khayega, ambako milimita 2,000 hivi hunyesha kwa mwaka, tunakula faida. Kaskazini, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama mvua yetu ya mwezi mmoja, anayechimba kisima anagusa kichwa cha mali. Neno lilijua hivyo kabla ya wanaolitumia.

Septemba 2013 Serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza kwamba kuna maji mengi sana chini ya Turkana, katika bonde la Lotikipi. Magazeti na redio za Kiswahili zikasema limegunduliwa ziwa chini ya ardhi. Ziwa! Nakumbuka watu hapa Khayega wakiuliza kama kuna samaki. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi, na waliokuwa wamekwisha kuliona ziwa wakahisi wameibiwa. Neno lilikuwa limeahidi kitu ambacho mwamba haukuahidi. Chini kule hakuna ukumbi uliojaa maji. Kuna mawe na mchanga wenye vitundu na nyufa, na maji yamo humo kama samli ndani ya chapati. Wengine husema "akwifa", nami sina ugomvi nalo. Ni neno la Kilatini lenye maana ya kibeba-maji, na vokali zake hazina tatizo mdomoni. Lakini kwa baraza napendekeza mwamba-maji. Si mbali na soko letu, ukielekea Kakamega, pale Ilesi, kuna lile jiwe refu la Ikhongamurwi, kama mita 40 kwenda juu, jiwe lingine limekaa juu yake kama kichwa, na maji yakitiririka katikati ya kifua. Wageni hulijia kulipiga picha. Mtoto wa Ilesi aliyekua akilitazama jiwe likilia hahitaji kufafanuliwa kwamba mwamba unaweza kuwa na maji.

Ilesi hiyohiyo ni mahali pa wafinyanzi, nao wana neno ambalo nimelihusudu siku nyingi. Nyungu mpya ikitiwa maji, baada ya muda hulowa kwa nje, matone madogo madogo, na maji ya ndani huwa baridi. Muuzaji atakwambia: hii ni nzuri, inatoa jasho. Maji yanapita kwenye vitundu vya udongo, yanageuka mvuke, yanaondoka na joto. Ndivyo jani linavyofanya, na ndiyo maana ukipumzika chini ya mwembe unahisi baridi kuliko chini ya bati ijapokuwa vyote vimekukinga jua.

Kitaalamu kuna kitu kimoja kinachojumlisha unyevu unaotoka udongoni na unaotoka majanini, na jina lake la kigeni lina silabi za kutosha karibu mstari mzima wa utenzi. Vitabu vya shule vina uvukizaji na mvukizo. Masikio yangu hayapendi. Yanasikia kufukiza, udi na ubani, au yale mambo ya kupiga nyungu yaliyovuma Tanzania mwaka 2020, mtu amejifunika blanketi juu ya majani yanayochemka. Tena kiambishi cha -iza kinamtafuta mtendaji: nani anavukiza? Mvuke unatosha. Mvuke wa udongo, mvuke wa jani, na vikijumlishwa, mvuke wote. Anayetaka neno la mapenzi zaidi aseme jasho la jani, nitamwelewa.

Faida ya kusema mvuke ni kwamba hesabu nzima ya mpwa wangu inaingia katika pumzi moja. Mvua huingia, mvuke hutoka. Katika nchi ya ukame, pima mvuke wote wa mahali fulani kwa mwaka, utoe mvua iliyonyesha hapo na maji ya mto yaliyomwagika hapo kama yapo. Kinachozidi hakikutoka mbinguni, kimevutwa kutoka chini. Setilaiti hufanya hivyo leo kwa kusoma joto na ukijani wa nchi. Zamani walifanya kwa miguu. Kuanzia miaka ya 1950 watafiti wa shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, wenye makao Muguga, wakiongozwa na H. C. Pereira, walipima mabonde mazima, Kericho, Kimakia na Mbeya, hata Atumatak kule Karamoja, mvua iliyoingia na mto uliotoka, ili wajue chai, mianzi, misonobari na malisho vinavuta kiasi gani. Ripoti yao kubwa ilitoka mwaka 1962, kwa Kiingereza. Wasomaji wa vipimo vya mvua, wale waliokuwa wakiamka alfajiri na daftari, bila shaka walizungumza kazi hiyo kwa Kiswahili kila siku. Maneno yao ndiyo ningenunua kwa bei yoyote.

Mmarekani Oscar Meinzer, katika miaka ya 1920, aliihitaji istilahi ya mimea ambayo mizizi yake hufika kwenye maji ya chini yenyewe. Akaenda kwenye Kigiriki akachukua neno la kisima na neno la mmea, akayafunga pamoja. Basi tufuate njia aliyopita, ila tuishie kwetu: mmea-kisima. Ni jina zuri hata kwa asiyesoma. Mkuyu ni mti-kisima; babu zetu walichimba palipo na mkuyu. Mkoma ni mti-kisima kwenye kingo za mto Turkwel. Na kama unataka neno la mzizi badala ya mmea, watu wa pwani wana mzamiaji, yule anayezama hadi chini baharini, na ambaye bandarini ni mtu aliyejificha melini asafiri bila tikiti. Mizizi mizamiaji. Huko Arizona waliwahi kuukuta mzizi wa mti wa jamii ya mathenge mita 53 chini, na huko Kalahari mzizi wa mti mwingine mita 68.

Mathenge lenyewe ni neno la kutafunwa taratibu. Limebeba sura ya jina la mtu wa Kikuyu, na ndani yake mna thenge, beberu. Mti uliletwa Bamburi mwaka 1973 kufunika machimbo, baadaye ukapandwa Baringo na kwingineko kuzuia jangwa. Kwa hiyo huyu hakuzamia melini, alipewa tikiti na serikali. Watu wa Ilchamus, wa huko Baringo, walipoishtaki Serikali mwaka 2006 kwa ajili ya mti huo, walimpeleka mahakamani mbuzi ambaye meno yalikuwa yameng'oka kwa kula maganda yake matamu. Mti wenye jina la beberu ukaponzwa na mbuzi. Waturkana huuita etirae, na sidhani kama wanacheka.

Turudi kwenye neno la kwanza la sentensi, ambalo nimelichelewesha kwa sababu ndilo ninalolipenda zaidi. Kukadiria ni ndugu wa kadiri na wa kadari, mizani na majaliwa katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Kukisia ni kwa jicho. Kubahatisha ni kwa bahati. Soko la Khayega linazijua daraja hizo bila mwalimu. Mama wa mahindi akitazama gunia lililofunguliwa husema, hii ni kama gorogoro 43, hapo amekisia. Akitia gorogoro ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaona gunia limeshuka kiasi gani, kisha akasema 40 au 41, amekadiria. Asiyefungua gunia kabisa amebahatisha, na mara nyingi ndiye mwenye sauti kubwa. Kwa hiyo neno la mpwa wangu lilikuwa sahihi. Nilimwondolea u- na -aji tu, nikaweka ma- na -o, likawa makadirio, ambalo halina haja ya kuvaa suti.

Akanipa mfano wa kadirio lililotoka mwaka 2021, la mathenge katika jimbo la Afar, Ethiopia. Watafiti walichomeka vipima-joto kwenye mashina, wakapasha maji ya shina joto kidogo wakaona yanapanda kwa kasi gani. (Maji ya shina, tafadhali. Utomvu hunata, na haya hayanati.) Mti mmoja ulivuta kati ya kilo 1 na 36 za maji kwa siku, wastani 7. Nikasema hizo 7 ni kidogo, ni theluthi ya mtungi. Akasubiri nimalize kucheka. Eneo lililovamiwa ni hekta milioni 1.18, na mvuke wake kwa mwaka ulikadiriwa kuwa mita za ujazo bilioni 3.1 hadi 3.3. Angalia "kati ya" na "hadi". Hapo ndipo kukadiria kunapoachana na kubahatisha: mbahatishaji hutoa namba moja.

Limebaki "maeneo kame". Kame nalihifadhi; masikio yangu husikia kukama ndani yake, nchi iliyokamwa hadi tone la mwisho, ingawa siapi kwamba ndilo chimbuko. "Nusu kame" ndiyo inayonichekesha, kana kwamba ukame hupimwa kwa gorogoro. Nyika ingefaa kama watu wa pwani hawangeitumia zamani kuwadharau majirani zao. Na tusichanganye ukame na kiangazi. Khayega tuna kiangazi, Desemba hadi Februari, wakati wa mwangaza, kama neno lenyewe linavyosema. Ukame hatuna. Ila kiangazi ndicho kinachowafichua wavutaji: kila kitu kikikauka bondeni, kinachobaki kijani kina mrija chini.

Sentensi ikawa: Makadirio ya maji ya chini yanayovutwa na mimea ya nchi kame. Mpwa wangu akaisoma kwa sauti, akaisoma tena kwa sauti ya baraza. Mama mwenye hoteli alikuwa anakusanya vikombe. Akasimama na sinia mkononi.

"Kumbe miti nayo inavuta?"

"Inavuta, mama."

"Kwa mrija?"

"Kwa mzizi. Ni kama mrija."

Akafikiri. "Sasa bulugamu ya pale kwangu," akasema, "mrija wake unafika kwenye kisima changu ama haufiki?"

Mpwa wangu akafungua daftari, akamwuliza kisima kina futi ngapi, na kiko hatua ngapi kutoka kwenye mti.